Haya ya Kukata Simu

Mtu mwenye mikono yote miwili ndani ya kichwa cha mwenzake, vidole vimelowa mafuta na kitana amekibana kwa meno, si mtu wa kuulizwa maswali. Mimi ni msusi. Nilisuka tangu mume wangu akiwa hai, na alipofariki ndiyo nikasuka zaidi, katika chumba cha mbele cha nyumba hii aliyoniachia. Simu ikilia, namwambia mteja abonyeze kwa kidole chake, aweke spika, aitegeshe juu ya stuli, nami naongea huku naendelea na kazi.

Basi siku hiyo ikaingia simu ya binti mmoja mwenye sauti iliyotiwa sukari mpaka ikachosha. Akaniita "mama yangu mpendwa". Sijamzaa, sijamsuka, huo upendo umetoka wapi? Akasema anapiga kutoka kampuni ya ving'ora, kisha akaanza kusoma. Nasema kusoma kwa sababu mtu anayeongea huvuta pumzi, na yule hakuvuta. Usalama wa familia yako, wezi wa siku hizi, kisanduku cha kisasa, kikosi kinachofika mara moja, mwezi wa kwanza bure. Kwenye kiti alikaa mwalimu wa shule ya hapa jirani, mteja wangu wa siku nyingi, na nilikuwa nimefika kisogoni, mahali ambapo mstari ukipinda inabidi ufumue wote. Nikasema haya. Binti akaendelea. Nikasema haya, haya. Akazidi kupamba moto. Nikasema, "Haya basi, mwanangu, haya," na mwalimu akabonyeza kukata.

Yeyote aliyelelewa na mama anajua hiyo ni haya gani. Kuna haya ya kuanza kazi, kuna haya ya kumwamsha mtoto, kuna haya ya kupokea habari, kuna haya ya kumwambia mlevi apite zake. Yangu ilikuwa haya ya kukata simu. Hata mwalimu alicheka, akasema, "Mama, hawa nadhani wanalipwa kwa kila neno."

"Basi yule ameshajenga," nikamjibu, na tukarudi kwenye kisogo.

Sikumfikiria tena yule binti. Baadaye wiki hiyo nilikwenda sokoni kununua rasta na uzi, na niliporudi nikakuta juu ya mlango wangu kuna kisanduku cheupe chenye kitaa chekundu, na kwenye geti kuna kibao cha bati kimekazwa kwa skrubu: NYUMBA HII INALINDWA. Chini ya maneno hayo wamechora jibwa limetoa ulimi. Mimi sina mbwa. Hata kampuni yenyewe, nilikuja kujua, haina mbwa. Mlinzi wao pekee ni mchoraji. Jirani akaniambia walikuja wanaume wawili na ngazi, wakatoboa ukuta, wakafagia vumbi lao, wakaondoka.

"Nilijua umewaita wewe," akasema.

Sikuwa nimewaita. Lakini wala sikuhangaika kujiuliza ni nani, maana moyo wangu ulishanijibu: ni mwanangu.

Huyu mwanangu lazima nimweleze. Ni mmoja tu niliyejaliwa. Ana kazi ya ofisini, kazi ya kutia sahihi karatasi walizoandika wengine, na anarudi nyumbani amechoka kama aliyebeba magunia. Ana gari lenye vioo vyeusi, utadhani kuna mtu anahangaika kumchungulia. Ana mke anayeniita "mama" kwa sauti ileile anayomwitia mhudumu wa hoteli. Akija kwangu hakai. Husimama mlangoni, funguo za gari mkononi, anazichezesha, anaangalia dari kama mtu anayetafuta mahali pa kutokea. Lakini simu anapokea, nisimwonee. Nikimwambia mfereji wa bati umeziba na maji yanaingia ukutani, anasema, "Haya mama." Nikimwambia kaburi la baba yake limeota majani, aje twende tukalisafishe, "Haya mama, haya." Nikimwambia wakati wa likizo aniletee wajukuu wakae na bibi yao, "Haya, haya mama, tutaongea."

Na kabla ya hapo kidogo nilikuwa nimemweleza kwamba kibaka ameruka ukuta wa jirani na kwamba usiku sipati usingizi. "Haya mama," alisema. Kwa hiyo nilipoona kile kisanduku, nikajiambia, kumbe safari hii haya yake imezaa. Nikampigia pale pale. Mwalimu alikuwa amerudi nimrekebishie mistari ya mbele, kwa hiyo yeye ndiye aliyebonyeza.

"Mwanangu, nimeona king'ora ulichoniwekea," nikamwambia. "Kizuri sana. Ahsante kwa kumkumbuka mama yako. Mungu akuzidishie."

Nikamsikia anaongea na mtu mwingine pembeni, mambo ya kazi. Kisha akarudi kwangu.

"Haya mama. Haya, usijali. Haya."

Simu ikakatwa. Mimi nikafurahi kama niliyeposwa upya. Kila aliyekalia kiti changu nilimwonyesha kisanduku. "Mwanangu huyo," nawaambia, na mate yananijaa mdomoni kwa kujivuna. Nilikuwa nakifuta vumbi kwa kitambaa kibichi. Mvua ya kwanza ilipokuja, kile kitaa chekundu kilizimika, na sikumwambia mwanangu. Niliona nitamvunja moyo.

Halafu ikaja ankara. Huduma ya ulinzi ya miezi iliyopita, ada ya kufungiwa vifaa, na faini ya kuchelewa kulipa kitu ambacho sikujua nadaiwa. Kiasi kile ningeweza kukipata kama ningesuka mtaa mzima, wenye vipara wakiwemo. Nikageuza karatasi mbele na nyuma nikitafuta sahihi yangu. Hakuna. Nikapiga namba iliyoandikwa chini, akapokea mwanamume mwenye sauti ya mtu aliyechoka kabla ya kuanza kazi.

"Sijasaini mkataba wowote na nyinyi," nikamwambia.

"Mkataba wako ni wa sauti, mama."

"Ndiyo mkataba gani huo?"

"Ulipigiwa simu, ukaelezwa huduma, ukasema haya. Tumerekodi. Halafu vifaa vikafungwa na hukuvikataa. Umeitumia huduma."

Nikamwambia kwamba kitaa chenyewe kilikufa kwa mvua, kwa hiyo tangu siku ile nalindwa na sanduku la plastiki na picha ya mbwa. Akasema matengenezo ni malipo ya ziada.

Nikampigia mwanangu. Nilitaka kumwambia ile kampuni aliyoiita imekosea, imenitumia mimi ankara badala yake.

"King'ora gani?" akauliza.

"Ulichoniwekea. Nilikushukuru."

"Mama, mimi sijaweka king'ora chochote."

Nikatazama kile kisanduku juu ya mlango. Nilikuwa nimekifuta asubuhi hiyohiyo.

Alikuja kesho yake na mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba yake, mwanangu alikaa. Mtu asiyekaa akikaa, ujue ana jambo. Akaweka funguo za gari mezani, akanivalia uso wa huruma, ule uso ambao vijana wakubwa wenye vyeo hujifunza sijui wapi.

"Mama, umezeeka sasa. Unawakubalia watu usiowajua kwenye simu. Leo king'ora. Kesho utauza nyumba hii kwa haya."

Kisha akatoa mpango wake, na mpango wenyewe ulikuwa umeiva mno kwa mtu aliyesikia habari jana. Deni atalilipa yeye. Mimi nimpe funguo za nyumba, nihamie kwao. Nyumba ipangishwe, na hiki chumba cha mbele kiwe duka.

"Tumeshakuandalia chumba, mama," akasema mkwe wangu. "Kile cha nyuma."

Nakijua kile cha nyuma. Ni chumba cha kupigia pasi. Kina meza ya pasi, feni iliyovunjika shingo, na maboksi ya viatu ambavyo mkwe wangu hataki kuvivaa wala kuvitoa. Dirisha lake linatazama ukuta. Nikauliza wateja wangu nitawasukia wapi. Mkwe wangu akacheka kidogo, cheko la puani.

"Nywele zinaziba mabomba, mama. Na wewe si umri wa kupumzika huu?"

Kupumzika na meza ya pasi. Nikamtazama yule mwanamke, nikakumbuka kwamba kichwa chake cha harusi nilikisuka mimi, na sikumtoza.

Hawakungoja hata nijibu. Wiki iliyofuata mwanangu alimleta dalali wa nyumba, mwanamume mnene mwenye jasho na utepe wa kupimia. Akapima chumba changu mbele ya mteja aliyekuwa kitini, akapanda juu ya stuli yangu na viatu vyake vya matope ili agonge dari, akasema hapa panafaa duka la simu. Mwanangu akawa anaitikia kwa kichwa kama fundi. Mfereji wa bati anaouona kila akija hajawahi kuugonga hata kwa ukucha, lakini dari hiyo aliiangalia kwa mapenzi.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa. Kampuni ilikuwa imeniletea onyo kwamba nisipolipa watakwenda mahakamani, na nilijua kilichomo nyumbani mwangu cha kuchukuliwa ni viti, kioo na mashine ya kukaushia nywele. Hela ya kulipa sikuwa nayo. Mwenye hela alikuwa mwanangu, na bei yake ilikuwa nyumba yangu. Nikawa nasuka huku najisikia mgeni katika chumba changu mwenyewe.

Nikamwomba kitu kimoja tu. "Twende kwanza kwa hao watu nikaisikie sauti yangu. Nikisikia nimekubali, funguo nakupa pale pale."

Akashusha pumzi. "Haya, mama. Lakini ukishasikia, yaishe."

Ofisi yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Mlango wa kampuni ya ulinzi ulikuwa umezuiwa na tofali usijifunge. Ukutani wametundika picha ya lile jibwa katika fremu, utafikiri ndiye mwanzilishi. Dada wa mapokezi alituambia tukae, tukakaa chini ya mashine ya maji isiyo na vikombe, mpaka meneja akatoka na kutuita chumbani kwake. Hakufunga mlango, kwa sababu haukuwa na kitasa.

Meneja alikuwa mtu wa tai fupi na tabasamu refu. Mimi aliniita mama, mwanangu alimwita bosi, na tangu tuingie hakuongea nami tena. Aliongea na mwanangu, juu ya kichwa changu, kama watu wawili wanaobeba kabati na mimi ndiye kabati.

"Bosi, haya mambo ya wazee tunayaelewa," akasema. "Wanasahau. Ndiyo maana tunarekodi."

"Wewe weka tu asikie," akasema mwanangu.

Akageuza kompyuta, akabonyeza. Ikatoka ile sauti ya sukari, ikasoma, ikasoma. Nyuma yake nikasikia kitana changu kikigonga kikopo cha mafuta. Kisha nikajisikia mimi: haya. Baadaye: haya, haya. Na mwisho, kwa sauti ya mwanamke aliyechoka ambaye sikudhani ni mimi: haya basi, mwanangu, haya.

Meneja akaikata, akaweka viganja mezani. "Kwa lugha yetu sote, haya ni kukubali. Au siyo, bosi?"

"Ndiyo," akasema mwanangu. "Mama, umesikia mwenyewe. Ulisema haya."

"Nilisema ili anyamaze."

"Hiyo huwezi kuithibitisha, mama," akasema. "Umekubali. Neno ni neno."

"Neno ni neno," meneja akarudia, kapendezwa.

Mwanangu akanyoosha mkono wake mbele yangu, kiganja juu. Hakunitazama usoni. Alitazama mkoba wangu, kwa sababu ndimo zilimokuwa funguo. Mkono ule, alipokuwa mtoto, nilikuwa nauosha matope. Nikafungua mkoba, nikazishika funguo, zikawa baridi. Na nikiwa nimezishika hivyo, nikasikia lile neno tena, si la kwenye kompyuta. Lile jingine, la kwenye spika yangu, juu ya stuli yangu.

"Meneja," nikasema. "Haya ni mkataba?"

Akashtuka kidogo, kama aliyesikia kabati likiongea. "Ndiyo, mama."

"Kwa mtu yeyote?"

"Yeyote mwenye akili timamu."

"Hata kwa simu?"

"Hasa kwa simu."

"Basi ankara mmempelekea mtu siye," nikamwambia. "Siku mliyofunga kile kisanduku nilimpigia mtu. Nikamwambia king'ora hiki umekiweka wewe, nikamshukuru. Akaniambia haya, usijali, haya. Mimi niliwaambia haya tu. Sikuwaambia msijali. Mkataba wake umeupita wangu."

Meneja alichukua kalamu. Nimeona watu wenye njaa, lakini yule alikaa kama mwenye njaa aliyewekewa mlo mezani. "Ni nani huyo, mama? Ana kazi?"

"Ana kazi nzuri. Ana gari la vioo vyeusi. Huyu hapa."

Mwanangu akacheka. "Mama anatania."

"Ulikuwa kwenye spika," nikamwambia. "Mwalimu alikuwa kitini. Nimpigie?"

Na meneja, ambaye angekuwa na akili hata ya kuku angenyamaza, akageuka na kiti chake mpaka akamwelekea mwanangu. Lile tabasamu likarefuka.

"Kusema kweli, bosi, kama ulilikubali jukumu kwa niaba ya mzazi, tunaweza kuhamisha akaunti. Mama tunamtoa kabisa. Na kwa mtu wa hadhi yako tuna huduma ya juu zaidi, pamoja na kamera. Tukuwekee na nyumbani kwako."

"Sijakubali chochote," akasema mwanangu.

"Lakini umesema haya, bosi."

"Nimesema haya, sijakubali!"

"Bosi, sasa hivi hapa umesema haya ni kukubali. Umesema neno ni neno."

Mwanangu akasimama. Shingo ilikuwa imemvimba juu ya kola. Sijui kama alisahau kwamba nipo, au alikumbuka na hakujali.

"Haya siyo kukubali! Haya ni haya tu! Nilikuwa kazini, nina watu mezani, yeye anaongea, anaongea, nimesema haya ili akate simu. Wala sikusikia alichosema. Huwa nasema haya ili akate simu!"

Kule mapokezi dada akaacha kuchapa kwenye kompyuta yake. Meneja akabaki na kalamu hewani.

Angesema "nilisema", ningemwelewa. Siku moja, kazi nyingi, watu mezani. Lakini alisema "huwa". Neno dogo, na ndani yake ukaingia mfereji wa bati, likaingia kaburi la baba yake, wakaingia wajukuu wangu, ukaingia ule usiku niliomwambia sipati usingizi. Yote yalitosha, na nafasi ikabaki. Iliniuma, na sijui kama nimewahi kuumwa na neno namna ile. Lakini machozi sikuyatoa. Wale wawili hawakustahili hata kuyaona.

"Umemsikia, meneja?" nikasema. "Mimi ulinikatalia, lakini huyu ni bosi, umwamini. Kuna haya ya kukata simu. Hata yangu ilikuwa hiyohiyo. Kumbe tumerithishana."

"Mama, kuna utaratibu..." meneja akaanza.

"Utaratibu gani?" mwanangu akamfokea. "Mnamfungia mtu vifaa bila sahihi yake? Kwa haya? Nitawaletea mwanasheria hapa! Futa hilo deni!"

Basi hivyo ndivyo mwanangu alivyonitetea. Alipiga meza, akataja watu wakubwa anaowajua, akasema maneno yote niliyokuwa nayasema mimi tangu mwanzo, na alikuwa anajitetea yeye. Meneja aliyekuwa akimwita bosi akaacha kumwita bosi. Akabonyeza, akabonyeza, akasema imefutwa, vifaa vitaondolewa. Hakuomba radhi. Kampuni inayookota haya za watu kwenye simu haikuwa na haya hata ya dawa.

Nikazirudisha funguo kwenye mkoba, nikafunga zipu. Mkono wa mwanangu haukuwa umenyooshwa tena.

Alinirudisha kwa gari lake. Vile vioo vyeusi, nikagundua, ukiwa ndani vinaifanya dunia nzima ionekane imefiwa. Tulipokaribia nyumbani ndipo akafungua mdomo.

"Mama, sikumaanisha vile."

"Ulimaanisha," nikamwambia. "Ndiyo maana deni limefutwa. Ungekuwa hukumaanisha, saa hizi tungekuwa tunalipa."

Akasimamisha gari mbele ya geti, karibu na lile jibwa. Nikashuka.

Wale wanaume wawili walikuja na ngazi yao, wakang'oa kisanduku, na kumbe ndani hakikuwa na kitu zaidi ya betri moja na kitaa. Wakaniachia matundu ukutani. Nikayaziba kwa sabuni. Kibao cha geti walikisahau, na sikuwakumbusha; dalali alipopita tena kuulizia chumba, nilimwambia asogee polepole, mbwa hajafungwa. Hakurudi. Mfereji wa bati nilimwita fundi mwenyewe, nikamlipa kwa kumsuka bintiye.

Halafu siku moja mwalimu yuko kitini, nimefika kisogoni, simu ikalia. Akachungulia kioo cha simu, akanitazama kupitia kioo cha ukutani, akasita. Nikamwambia abonyeze.

"Mama," akasema mwanangu. Sauti yake ilikuwa ya chini. Pembeni yake hakukuwa na watu, au aliwatoa. "Nimekaa nikafikiria. Jumapili nakuja na watoto. Wakae kwako likizo yote. Na tutakwenda kwa baba, tulisafishe lile kaburi, mimi mwenyewe nitashika jembe. Na mfereji nitaleta fundi."

Mfereji. Nikachukua mafuta kwa kidole, nikapaka mstari.

"Mama? Unanisikia?"

"Haya," nikasema.

"Safari hii nasema kweli, mama. Nakuja."

"Haya, mwanangu, haya."

Alikuwa bado anaongea. Mwalimu hakungoja nimwambie. Akanyoosha kidole, akabonyeza, na mimi nikarudi kwenye kisogo.